Je, Mkristo Anaweza Kukaa Kwenye Meza ya Poka?

Vijana wa makanisa yetu wanatuuliza swali ambalo wazazi wetu hawakuulizwa. Wazazi wetu waliulizwa kuhusu pombe, kuhusu dansi, na kuhusu karata tatu za pembeni mwa stendi, ambazo kila mtu alijua kuwa ni wizi wa mchana kweupe. Swali la sasa ni poka. Vijana wameiona katika filamu, wameikuta kwenye simu, na baadhi yao wanatuambia kwamba poka si kamari kama mikeka ya mpira. Ni mchezo wa akili, wanasema, ndugu yake sataranji.

Jibu la haraka tunalo: karata ni za shetani, mjadala umefungwa. Lakini jibu hilo halimsaidii kijana, maana anajua limetoka kwa mtu asiyefahamu hata jinsi karata zinavyogawiwa. Ndugu msomaji, kabla hatujasema neno juu ya dhambi, tuutazame kwanza mchezo wenyewe na mahali ulikotoka.

Poka ilizaliwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika bonde la mto Mississippi, na mji wa New Orleans unatajwa sana katika habari zake. Mji huo ulikuwa umekaa chini ya Wafaransa, na Wafaransa walikuwa na mchezo wa karata ulioitwa poque, uliofanana na Pochen ya Wajerumani. Wengi huamini kwamba jina la poka limetoka huko. Kutoka New Orleans mchezo ulipanda na mto katika meli za mvuke, zilizobeba pamba, wafanyabiashara, na watu ambao kazi yao ilikuwa kuwavua wafanyabiashara fedha zao. Mwigizaji Mwingereza Joseph Cowell aliandika kwamba aliiona ikichezwa katika meli ya namna hiyo mwaka 1829. Wakati huo walitumia karata 20 tu, kuanzia kumi hadi ree, watu wanne wakipewa tano tano na pakiti ikaisha. Baadaye ikachukuliwa pakiti nzima ya karata 52, wachezaji wakaongezeka, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikaisambaza kambini, kisha askari wakarudi nayo makwao.

Mwaka 1843 Jonathan Green, mcheza kamari wa zamani aliyeacha kazi hiyo, alichapisha kitabu cha kufichua hila za wenzake wa jana. Mchezo huu aliuita mchezo wa udanganyifu. Alikuwa na sababu zake, kwa kuwa mezani alikojifunzia yeye karata zilitiwa alama na mgawaji alijua anampa nani nini. Ila huo ni wizi, na wizi hauhitaji insha. Sisi tunauliza habari ya poka inayochezwa kwa haki, ambapo hakuna aliyetia alama karata yoyote.

Inayochezwa zaidi siku hizi ni Texas Hold'em. Bunge la jimbo la Texas liliutambua mwaka 2007 mji mdogo wa Robstown kuwa chimbuko lake. Karata zake ni hizi hizi tunazozijua, kopa, uru, shupaza na pao, majina ambayo Waswahili waliyapata kwa Wareno. Wachezaji wawili walio kushoto kwa mgawaji hulazimika kuweka fedha kabla ya kuona chochote, mmoja dau dogo na mwenzake dau kubwa, ili pawepo na kitu cha kugombaniwa. Kila mchezaji hupewa karata mbili zilizofunikwa ambazo anaziona yeye peke yake. Kisha zamu inazunguka. Mwenye zamu anaweza kulipa dau lililopo, au kuliongeza, au kutupa karata zake na kukaa kando, akiacha mezani chochote alichokwisha kuweka. Baada ya hapo karata tatu hufunuliwa katikati ya meza, nazo ni za wote. Dau tena. Hufunuliwa ya nne, dau tena. Hufunuliwa ya tano, na dau la mwisho. Waliobaki wanaonyesha walicho nacho, na mwenye karata tano bora, akichanganya zake mbili na zile tano za mezani, anazoa fedha zote.

Ubora hupimwa kwa uadimu. Katika karata 52 unaweza kupanga mafungu tofauti 2,598,960 ya karata tano tano. Zaidi kidogo ya nusu ya hayo hayana kitu, hata jozi moja. Yenye jozi moja tu ni 1,098,240. Hapo juu zinakuja jozi mbili, kisha tatu za namba moja, kisha tano zinazofuatana, kisha tano za aina moja, kisha tatu pamoja na jozi, kisha nne za namba moja. Juu ya zote ni tano zinazofuatana ambazo pia ni za aina moja, na zikiwa kumi hadi ree hakuna cha kuzishinda. Fungu hilo la mwisho lipo mara nne tu katika hayo milioni mbili na nusu na ushei. Mtu anaweza kucheza maisha yake yote asilione.

Msomaji ataona kwamba hadi hapa hakuna cha kumtisha Mkristo. Ni hesabu, na ni hesabu nzuri. Lakini kuna kanuni moja ambayo ndiyo roho ya poka. Tulisema waliobaki huonyesha karata zao. Je, akibaki mmoja? Wenzake wote wakitupa karata, yeye huchukua fedha bila kuonyesha chochote. Anaweza kuwa na nne za namba moja, anaweza kuwa na takataka, na hakuna mwenye haki ya kujua. Kwa kuwa nusu ya mafungu hayana kitu, mchezaji mzuri hangoji karata nzuri. Anaongeza dau kwa uso mkavu mpaka wenzake waogope. Mitaani kwetu tungesema anachimba mkwara.

Wahubiri wengi husimama hapa. Wanasema: huo ni uongo, na uongo ni dhambi, kwa hiyo poka ni dhambi. Sisi hatukubaliani nao. Augustino, aliyeandika vitabu viwili kuhusu uongo na hakumruhusu mtu kudanganya hata kwa kuokoa uhai, aliuweka mzaha pembeni akasema si uongo, kwa sababu namna unavyosemwa inaonyesha wazi kwamba haukusudii kumpoteza mtu. Mchezaji wa mpira anayejifanya kwenda kulia akaenda kushoto amepiga chenga, na hakuna mchungaji aliyewahi kumtaka atubu chenga. Waliokaa mezani wote wamekubaliana kwamba dau si ushahidi wa karata. Na ukilitazama vizuri, dau husema neno moja tu: niko tayari kuweka fedha hizi. Neno hilo ni kweli, maana fedha zipo pale mezani.

Wengine husimama kwenye bahati. Wanasema kumwachia Mungu aamue kwa karata ni kumjaribu. Hapa pia pana shida, kwa sababu Maandiko yana kura nyingi. Nchi ya ahadi iligawanywa kwa kura. Mitume walipotafuta wa kushika nafasi ya Yuda, walisali, wakapiga kura, ikamwangukia Mathia. Na Mithali sura ya 16 inafundisha kwamba kura ikitupwa, uamuzi wake ni wa Bwana. Mtu anayeamini hivyo hawezi kusema kwamba karata iliyogeuzwa imetoka nje ya macho ya Mungu. Kilichokuwa kiovu pale msalabani, askari walipolipigia kura vazi la Bwana wetu, hakikuwa kura. Walikuwa wakigawana nguo za mtu aliyekuwa akifa juu ya vichwa vyao.

Tunaomba mfano huo ukumbukwe, tutauhitaji.

Vijana wanapoona tumewaachia hoja hizo mbili, wanadhani wameshinda. Wanaleta ya tatu: poka si bahati hata kidogo, ni ustadi. Nao wana ushahidi. Mwaka 1944 mwanahisabati John von Neumann na mchumi Oskar Morgenstern walichapisha kitabu kikubwa kuhusu nadharia ya michezo, na poka, pamoja na mkwara wake, ina sehemu yake humo. Mnamo Januari 2017 huko Pittsburgh, programu ya kompyuta iliyoitwa Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza na mabingwa wanne kwa mikono 120,000 ya karata, ikawashinda. Mashine haina nyota njema. Katika mkono mmoja bahati inaweza kutawala, lakini katika mikono 120,000 bahati inasawazika na kinachobaki ni nani anajua zaidi.

Hoja hiyo tunaikubali yote. Ila tunadhani inawaelemea wao kuliko inavyowatetea. Katika kura tupu, mjinga na mwerevu wamesimama sawa, na tajiri hana neno la kumwambia maskini. Ustadi unapoingia, usawa huo unatoka. Poka haifanani na mashine za kuzungusha au gurudumu la kasino, ambako unapambana na mwenye nyumba. Katika poka mwenye nyumba hukata fungu lake kila mkono na kukaa pembeni, na fedha unazochukua ni za yule mliyekaa naye uso kwa uso. Mezani hakuna kilichopandwa wala kilichovunwa. Ukijumlisha walichopata washindi na walichopoteza walioshindwa, hesabu haifiki hata sifuri, kwa sababu ya fungu la mwenye nyumba. Kwa hiyo mwenye ustadi anayetaka kuishi kwa poka hawezi kuishi kwa kucheza na wenye ustadi wenzake. Anahitaji mtu asiyejua. Wachezaji wa Marekani wana jina la mtu huyo: samaki. Wanafundishana kutafuta meza yenye samaki, na kwamba ukikaa nusu saa bila kumtambua samaki ni nani, basi ni wewe.

Kijana mmoja mwerevu alitujibu kwamba hata dukani mwenye akili humpita asiye na akili. Ni kweli, na biashara ina dhambi zake ambazo zingehitaji insha nyingine. Lakini muuza unga akipata faida, mnunuzi ameondoka na unga. Timu ikifungwa, wachezaji wanarudi nyumbani na mishahara yao. Aliyeliwa kwenye poka hakuondoka na kitu, isipokuwa tuseme alinunua burudani ya jioni, na wapo wanaosema hivyo kwa unyofu kabisa.

Basi tuwape hilo pia. Marafiki wanne wenye kazi zao, kila mmoja akaweka kiasi ambacho hata kikipotea hatakikumbuka kesho: je, hao wametenda dhambi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya ya 2413, haisemi hivyo. Inafundisha kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa asili yake, bali inakuwa haifai pale inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale anaowajibika kwao, na inaonya kwamba tamaa ya kucheza inaweza kugeuka utumwa. Kanisa la kale lilikuwa kali kuliko hapo. Mtaguso wa Elvira, huko Hispania mwanzoni mwa karne ya 4, uliamua kwamba mwamini anayecheza dadu kwa fedha atengwe na ushirika, na akiacha anaweza kurudishwa baada ya mwaka. Na John Wesley, alipohubiri kuhusu matumizi ya fedha, alimtaka Mkristo apate kadiri awezavyo, lakini asipate kwa kumuumiza jirani katika mali yake, na faida ya kamari aliihesabu humo.

Kati ya wote waliolizungumza jambo hili, anayetugusa zaidi ni Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha 1609 kuhusu maisha ya ibada. Yeye alitazama furaha ya mchezaji. Akauliza furaha hiyo inatoka wapi, akaona haitoki kwenye karata, inatoka kwenye kushinda, na kushinda huko hakuwezekani ila kwa hasara na uchungu wa mwenzako. Mwenye kufurahi hapo anafurahia nini hasa?

Tulipowasomea vijana wetu maneno ya namna hiyo, walipendekeza jaribio: tucheze kwa punje za maharage, asiumie mtu. Wakacheza. Tunaisimulia habari hii kwa sababu inaeleza poka kuliko kitabu. Kwa dakika za kwanza ilienda vizuri. Kisha mmoja akaongeza dau la maharage hamsini akiwa hana kitu, akitazama kwa macho makali, na hakuna aliyetupa karata. Kwa nini watupe? Maharage yalikuwa bakuli zima. Kila mkwara ulilipwa na kila mtu alibaki hadi mwisho kuona karata zimesemaje, na baada ya nusu saa mchezo ulikuwa umekufa. Waliziacha sheria za Texas wakacheza arubastini, wakapigiana kelele mpaka mlinzi akaja kutuambia anafunga geti.

Arubastini inaweza kuchezwa bila senti. Sataranji pia, na bao, na drafti. Poka haiwezi, au ikichezwa hivyo inabaki mifupa. Fedha ndani yake si kiungo kilichoongezwa mezani baadaye, ni moto wenyewe wa kupikia. Mkwara hufanya kazi pale tu mwenzako anapoogopa kupoteza, na hawezi kuogopa kupoteza kitu kisichomgusa. Hata wale marafiki wanne wenye kazi zao wanalijua hilo. Ndiyo maana mara nyingi dau lao la mwaka huu ni kubwa kuliko la mwaka jana. Dau lisilouma haliwatishi tena.

Hapa ndipo sisi tunapoliona swali la imani. Kila mchezo una ushindani, lakini katika poka kazi yako ni kumsoma mwenzako: anavyopumua, anavyogusa fedha zake, anavyokaa kimya ghafla. Unamjua kuliko ndugu zake wanavyomjua. Tuseme umeona kwamba huyu mtu wa kushoto kwako hachezi tena kwa starehe. Amekopa. Anarudisha mkono mfukoni mara ya tatu, na uso wake umekuwa uso wa mtu anayefikiria atakachosema nyumbani. Kwa sheria za meza hiyo ni habari njema, maana mtu anayeogopa hufanya makosa. Kwa sheria ya Kristo huyo sasa ni jirani yako. Ukimwambia, ndugu yangu, simama, chukua hizi zilizobaki uende nyumbani, umempenda, na umeacha kucheza poka. Ukiongeza dau, umecheza vizuri. Hatujaona njia ya kufanya yote mawili, na tumewauliza wachezaji.

Mtu atasema hali hiyo ni adimu. Katika meza za starehe, labda. Katika meza za wanaotafuta riziki humo, ndiyo hali inayotafutwa.

Kwa hayo hatutaki kuwapa silaha wenye hasira. Mwezi Julai 1835, katika mji wa Vicksburg kando ya mto huo huo wa Mississippi, wenyeji waliwachoka wacheza kamari, wakavamia nyumba yao. Daktari mmoja aliyekuwa miongoni mwa wavamizi akauawa kwa risasi iliyotoka ndani. Wenyeji wakawatoa wacheza kamari watano na kuwanyonga bila kesi yoyote. Waliofanya hivyo walijiona wanausafisha mji. Kuichukia kamari ni rahisi kuliko kumpenda mcheza kamari, na makanisa yetu hayajapona ugonjwa huo. Tunawajua watu walioacha kuja ibadani kwa sababu ya wimbi la minong'ono lililowapata mlangoni, na sasa jamii pekee inayowapokea ni ile iliyo mezani.

Linabaki jambo la simu. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, ambaye kwa kweli ndilo jina lake, aliingia shindano kuu la dunia la poka huko Las Vegas kwa kushinda kwanza shindano dogo la intaneti lililomgharimu dola 86. Aliwashinda washiriki wengine 838 akaondoka na dola 2,500,000. Mwaka uliofuata washiriki walikuwa 2,576, na mwaka 2006 walifika 8,773. Habari ya mhasibu ilienea duniani kote. Za wale 838 hazikuwa na wa kuzisimulia.

Tangu hapo meza iko mfukoni. Kijana wa Morogoro anacheza saa nane za usiku na watu wanaotokea kwenye kioo kama majina ya bandia na picha za wanyama. Tulisema kwamba mezani huja saa ambapo unauona uso wa mwenzako na kutakiwa kuchagua. Kwenye simu saa hiyo haiji. Mtu wa upande wa pili anaweza kuwa ameweka ada ya mtoto, anaweza kuwa analia, na kinachoonekana ni alama ndogo inayohesabu sekunde zake za kufikiri. Sekunde zikiisha, karata zake zinatupwa zenyewe, na kiti chake kinajazwa na mwingine.